Mbuzi wa Kumaliza Maneno

Nakumbuka siku moja nikiwa darasa la saba, huku kwetu Siakago, nilikula nyama nikashiba. Mwanangu, mpaka leo naijutia ile nyama.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Wawira, tulikaa dawati moja. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na tabia ya kutuma wasichana wampelekee madaftari nyumbani kwake. Siku hiyo akamtuma Wawira. Mimi nikafuata nyuma na yale yaliyobaki, na kwa macho yangu haya nikaona yule mtu amemzibia mlango, amemshika, Wawira analia akimsukuma. Aliponiona akamwachilia, tukatoka mbio. Njiani Wawira akaniuliza, "Utasema uliona, sivyo?" Nikamwambia nitasema.

Wawira akamweleza mamake. Unafikiri mtu alishtakiwa? Wapi! Wazee wa pande zote waliitana, mwalimu akaleta mbuzi, wakakaa kwa kina Wawira kumaliza maneno, kana kwamba ng'ombe wa mtu ameingia kwa shamba la jirani. Mzee mmoja akauliza kama kuna aliyeona. Wawira akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu. Yule mwalimu ndiye alikuwa akinifundisha hesabu, na nilitaka sekondari kuliko kitu chochote. Nikasema, "Mimi sikuona kitu."

Basi wakasema ni mambo ya kitoto, mbuzi akachinjwa, nami nikapewa sahani yangu. Nikala.

Shosho yangu, aliyemzaa mama, alikuwepo na hakugusa chochote. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nawa mikono. Umemla mwenzako." Akarudi kuchagua ndengu zake.

Wawira hakurudi shule tena. Mwalimu naye alihamishwa tu, akapelekewa wasichana wengine! Nimezeeka na hasira hii. Nawakasirikia wale wazee na midomo yao ya mafuta, namkasirikia mwalimu mkuu aliyejua akanyamaza, na najikasirikia mwenyewe.

Sasa sikia. Muhula uliopita, msichana wa jirani yangu alimwonyesha mamake ujumbe kwenye simu: mwalimu wake anamtaka aje kwake Jumamosi, peke yake, la sivyo ataona matokeo yake ya mtihani. Habari zikamfikia mwalimu, na kesho yake asubuhi mbuzi amefungwa pale uani kwao, ameletwa na mzee aliyetumwa naye. Mbuzi tena, enyi watu! Nilimfungua mimi mwenyewe, nikamkabidhi kamba yule mzee aliyemleta, nikamwambia amrudishe alikomtoa. Kisha nikampigia Wawira, ambaye siku hizi anauza nyanya sokoni. Alifunga kibanda chake, tukampeleka mtoto na mama yake polisi, halafu kwa afisa wa watoto. Njiani mtoto akauliza kama sasa atafukuzwa shule.

"Wewe utasoma," Wawira akamwambia. "Mimi na huyu shosho tutakaa pale getini."

Na tulikaa, mwanangu, kila asubuhi, na viti vyetu, mpaka yule mwalimu akasimamishwa kazi.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Mwalimu akikuita nyumbani kwake peke yako, usiende, hata akikutisha na mtihani. Akikushika au akikuandikia upuuzi, kosa ni lake, si lako. Usifute ule ujumbe. Sema siku hiyo hiyo, na wa kwanza asipokuamini mwambie mwingine, na mwingine. Akikuumiza, nenda hospitali kwanza kabla ya kuoga, ushahidi usipotee. Na ukiona mwenzako anafanyiwa, usiangalie miguu yako kama mimi. Nanyi wazazi, mtoto hamalizwi kwa mbuzi. Anayeleta kamba mlangoni mwenu mwambieni mtaonana kortini.

Mungu akulinde ukienda shule na ukirudi, akuwekee watu wa kukaa getini kwa ajili yako. Na siku utakayoulizwa mbele ya wazee, akupe nguvu ya kusema, "Ndiyo, niliona."