Mpunga wa Mbuke Katika Kundi la 31

Tarehe 14 Machi 2022, Mbuke Nkuba, mkulima wa Ubaruku wilayani Mbarali, aliandikishwa kuwa mmiliki wa alama ya biashara "Kulwa na Doto" katika kundi la 31, kwa bidhaa moja tu: mpunga.

Kulwa na Doto ni mabinti zake, mapacha. Baba yake Mbuke aliingia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka Maswa, naye Mbuke akiwa bado anabebwa mgongoni. Ng'ombe walipopungua, familia ikashika jembe. Leo ana ekari kumi na mbili kwenye mfereji, na mpunga wake wa mbegu ya Supa unajulikana. Wanunuzi wanaokuja mashineni huusogeza puani kabla ya kuuliza chochote.

Kuna jambo moja la Ubaruku ambalo mgeni lazima aelezwe. Hapa mtu hahifadhi mchele. Mavuno hukaa ghalani na maganda yake, miezi sita, hata mwaka, kwa sababu mchele ukishakobolewa hupoteza harufu na kuingia wadudu. Mnunuzi akifika na lori, ndipo mwenye mali anapanga zamu, magunia yanamiminwa kwenye mashine, mchele unatoka upande wa pili, unafungwa na kuondoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa Ubaruku akiulizwa ana nini, anataja mpunga. Harusi huchangiwa kwa magunia ya mpunga. Mwenye nyumba ya bati husema ameijenga kwa mpunga. Mchele kwao ni kitu cha saa chache, kati ya mashine na lori.

Mbuke alijaza ombi lake mwishoni mwa mwaka 2021, katika duka la kuchapa na kutoa kopi la Isakwisa, karibu na stendi. Alikuwa amesikia semina ya wakulima kwenye redio: jina lako lisajili kabla hujaliandika kwenye mfuko, vinginevyo mwenzako ataliwahi. Alikuja na kitambulisho cha taifa na jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari.

"Bidhaa?" Isakwisa aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Mpunga."

"Mpunga au mchele, mama?"

"Nimesema mpunga. Una masikio ya Kinyakyusa, yanasikia ndizi tu?"

Isakwisa alicheka. "Ndizi haina makundi, mama. Hapa wanataka useme vizuri. Mpunga unakuja kundi la thelathini na moja, pamoja na nafaka ambazo hazijakobolewa. Mchele uko la thelathini. Kila kundi na ombi lake."

"Ghalani nina magunia mia na kumi. Ya nini?"

"Ya mpunga."

"Mchele nyumbani sina hata wa kupika leo. Sasa niandike nina mchele, halafu waje wakague?" Aligonga kidole kwenye kioo, pale chini palipoandikwa kwamba kutoa maelezo ya uongo ni kosa. "Si umenisomea hapa mwenyewe?"

"Lakini wateja wanakula mchele."

"Na huo mchele unatoka kwa nani? Nikiwa na ng'ombe, maziwa si yangu?"

Isakwisa aligeukia kibodi. Aliandika mpunga.

Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Ombi lilisomwa, likatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, hakuna aliyelipinga, cheti kikatoka. Lilikuwa ombi safi, lililoeleza bidhaa bila utata na kuiweka kwenye kundi linaloistahili. Kasoro ilikuwa moja: bidhaa iliyoelezwa si ile iliyokuwa inauzwa.

Mbuke hakuchapisha mifuko mara moja. Msimu uliofuata maji ya mfereji yalikatika mapema, na mavuno yakawa nusu. Aliendelea kuuza kama zamani, kwenye magunia ya kilo mia, yaliyopakwa rangi nyekundu herufi K na D. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Crispin, mfanyabiashara wa Iringa, kijana mpole anayeamkia kila mtu mashineni, hata wapakiaji. Crispin ndiye aliyempelekea habari kwamba mjini watu wameanza kuomba mchele wa Kulwa na Doto kwa jina.

"Mabinti zako wamekuwa mashuhuri, mama," alimwambia.

Mbuke alifurahi siku nzima.

Mwishoni mwa 2024 alipata mteja wa aina aliyokuwa akimngoja. Philbert, mwenye duka kubwa Iringa, hakutaka magunia. Alitaka mifuko ya kilo tano iliyochapwa. Mbuke aliagiza mifuko elfu mbili Mbeya mjini, nyeupe, yenye picha ya Kulwa na Doto wakiwa darasa la kwanza, sare zimepauka, mmoja anacheka na mwingine amekunja uso. Mzigo wa kwanza uliisha rafuni kwa wiki tatu. Wa pili pia. Mzigo wa tatu aliusindikiza mwenyewe, mwezi Mei mwaka huu, na gari lilipofika dukani Philbert alitoka nje kabla halijazimwa.

"Mama, usishushe kwanza."

Alimpa karatasi. Ilikuwa barua ya wakili. Ilisema kwamba alama "Kulwa na Doto," kundi la 30, kwa bidhaa za mchele, mchele uliofungashwa na unga wa mchele, ni mali ya Crispin, iliyoombwa mwaka 2023, na kwamba duka litakaloendelea kuuza mchele kwa jina hilo bila idhini yake litafikishwa mahakamani.

"Lakini jina nimesajili mimi," Mbuke alisema. "Cheti ninacho."

"Nimeamini unacho. Ila mimi nina rafu tu, mama yangu. Siwezi kwenda mahakamani kwa ajili ya rafu." Philbert alimwita mpakiaji aje amsaidie dereva kugeuza gari, kisha akamwandikia Mbuke kwenye kipande cha boksi namba ya Eveline, wakili anayeshughulika na alama za biashara, ofisi ghorofa ya pili, hapohapo mjini karibu na Miomboni.

Eveline alikisoma cheti mara mbili, pande zote mbili, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Cheti ni halali kabisa," alisema. "Mpunga ni wako."

"Na mchele?"

"Mchele hukuutaja."

"Basi uandike hapo, tuongeze."

"Hauongezwi, mama. Ombi likishapokelewa, orodha ya bidhaa inaweza kupunguzwa. Kupanuliwa, hapana."

"Niombe upya."

"Unaweza. Ila sasa utakutana naye mlangoni. Yeye ndiye ameandikishwa kwenye kundi hilo."

Mbuke alitazama viganja vyake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani kwa ajili ya safari, na mfukoni alikuwa na punje chache za mpunga, kama kawaida ya wauzaji wa Ubaruku, za kumwonyesha mnunuzi. Alizitoa, akazisugua kati ya viganja, akapuliza maganda, akanyoosha mkono. Zilibaki punje sita nyeupe.

"Dada, hiki ni kitu kingine?"

Eveline hakucheka. "Hoja hiyo ni nzuri. Mpunga na mchele ni bidhaa zinazokaribiana, mwenye moja angeweza kupinga ombi la mwingine. Ombi lake lilitangazwa 2023. Kulikuwa na siku sitini za kupinga."

"Lilitangazwa wapi?"

"Kwenye jarida."

"Jarida linafika Ubaruku?"

Eveline alivuta daftari. Ilibaki njia moja, alisema, nayo ni ndefu: kwenda mahakamani kuomba usajili wa Crispin ufutwe, kwa madai kwamba Mbuke alikuwa akiuza mchele kwa jina hilo kabla yake, na kwamba Crispin alilijua hilo. Ilihitaji ushahidi.

"Mifuko uliyochapisha?"

"Ya mwaka jana."

"Imechelewa. Kabla ya 2023 uliuza vipi?"

"Kwa magunia. Yameandikwa K na D, rangi nyekundu."

"Unalo hata moja?"

"Gunia linaondoka na mnunuzi."

"Risiti?"

"Mashineni tunaandikiana kwenye daftari la mwenye mashine, idadi ya magunia. Jina la mchele haliandikwi."

"Basi mnunuzi mwenyewe. Mtu wa kuja kusema, ndiyo, nilinunua kwake mchele kwa jina hili mwaka huu na huu. Nani alikuwa akinunua?"

"Crispin," Mbuke alisema.

Eveline aliweka kalamu mezani.

Akiwa bado ndani ya jengo, ngazini, Mbuke alimpigia Crispin. Simu ilipokelewa kwa mlio wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenifanyia nini?"

"Mama, sijachukua kitu chako. Niliangalia kwenye mfumo wa usajili kabla sijaomba. Nikaona una mpunga. Mpunga sikuugusa, na sitaugusa. Mchele ulikuwa hauna mwenyewe."

"Huyo mwenyewe ulikuwa unakula ugali kwake ukisubiri mashine."

"Ningeacha, angechukua mwingine, na huyo usingemfahamu hata sura. Mimi bado nanunua kwako. Lete mchele kama zamani, nitafungasha mimi, jina litabaki palepale. Mabinti watakuwa sokoni vilevile."

"Na picha yao?"

"Picha sitaiweka. Picha ni yako. Nimechukua jina tu."

Alilisema kwa upole, kama anayemrudishia mtu chenji. Mbuke alikata simu, na kwa muda alibaki ameshika chuma cha ngazi huku watu wakimpisha.

Gari lilirudi Ubaruku na mzigo wote. Mchele ule ulikuwa umeshakobolewa, haukuweza kukaa. Kwa siku nne Mbuke na Doto, aliyekuja kutoka chuoni, walikata mifuko na kuumimina upya kwenye magunia. Siku ya pili Isakwisa alipita, akasimama mlangoni akilitazama rundo la mifuko iliyochanwa, nyuso za watoto zimekatwa katikati.

"Mama Kulwa, mimi niliandika ulichosema," alisema hatimaye.

"Najua. Ulinibishia, nikakutukania ndizi." Mbuke hakuinua kichwa. "Shika pembe ya gunia hilo."

Alishika. Siku hiyo walifanya kazi hadi saa kumi jioni.

Mbuke alizungumza na Eveline mara mbili zaidi kwa simu. Mara ya kwanza aliuliza kama daftari la mwenye mashine linaweza kusaidia, akaambiwa kidogo sana. Mara ya pili aliuliza kesi huchukua miaka mingapi, akaambiwa hakuna anayeweza kusema. Eveline alimwongezea jambo ambalo hakuwa ameuliza: alama isiyotumika kwa bidhaa iliyoandikishwa inaweza kuombewa ifutwe, na mpunga wenye jina la Kulwa na Doto haujawahi kuuzwa kwa mtu yeyote. Hakuna mteja anayeununua mpunga kwa mifuko.

Mavuno ya mwaka huu ni mazuri. Ghala limejaa hadi kwenye kenchi za paa. Mashine imempa Mbuke zamu ya Jumatano: magunia sitini yatakobolewa kuanzia asubuhi na kufungwa kwenye viroba visivyo na maandishi. Lori la Crispin litakuja kuuchukua mchele saa nane mchana.