Borghild Eikemo na Siku Iliyokosekana

Alizaliwa Haugesund tarehe 3 Novemba 1911, binti wa fundi wa mapipa ya samaki, na tangu utotoni alikuwa na hamu moja tu: kwenda Madagaska kuitangaza Injili. Mwaka 1934 halmashauri ya misheni mjini Stavanger ilimkataa kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Alitoka nje akalia, akafuta uso, kisha akarudi ndani akauliza, "Basi hakuna hata kazi ya kufagia?" Wakampa mashine ya kupiga chapa. Mungu hamtupi mja wake, na mara nyingine humkalisha kwenye kiti cha ofisi.

Kwa miaka kumi na saba alichapa barua, akafunga vifurushi, akachemsha kahawa ya wajumbe, na kila mwisho wa mwaka akaandaa kalenda ya maombi. Sisi tuliokulia katika nyumba za misheni tunaijua: inaning'inia jikoni, na kila tarehe ina jina la mmisionari mmoja, anayeombewa na nchi nzima asubuhi hiyo kabla ya mkate kukatwa.

Jaribu lake kuu lilimjia tarehe 7 Januari 1952. Kalenda elfu tisa zilikwisha kusambazwa, na nakala za wamisionari zilikuwa tayari baharini, ndipo alipoligundua kosa. Alikuwa ameifuata kalenda ya mwaka uliotangulia, akasahau kwamba mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Siku hiyo haikuwemo! Na jina lililopaswa kuwa hapo lilikuwa la Solfrid Aanestad, muuguzi wa pekee katika zahanati moja ya milimani Madagaska. Miezi michache nyuma Solfrid alikuwa ameandika: "Nimechoka hadi mifupani. Kinachonishikilia ni jina langu kwenye kalenda. Siku mkilisahau, nafunga sanduku." Naye akiondoka, zahanati ingefungwa.

Borghild aliingia kwa katibu, Mchungaji Haaland, uso umemparama.

"Ni jina moja tu, dada Borghild," katibu alimtuliza. "Tutamweka mwakani."

"Mwakani, Mchungaji? Mwakani mlango wa zahanati utakuwa na kufuli. Kosa ni langu. Naomba simu yako."

"Simu yangu? Kwa muda gani?"

"Mpaka meli ijayo ya Madagaska iondoke."

Meli ilikuwa iondoke baada ya siku kumi na moja, na siku kumi na moja gani hizo! Alivipigia vyama vya kina mama kimoja baada ya kingine, toka Lista kusini hadi Finnmark kaskazini kabisa, akiungama kosa lake bila kujitetea, akimwomba kila mama aliandike jina lile kwa mkono kwenye kalenda yake na kumtumia Solfrid kadi kupitia ofisini.

"Ishirini na tisa?" alipaza sauti Bibi Torbjørg wa Nærbø. "Ndiyo maana! Mimi nikadhani wakubwa wa Oslo wameifuta ili watukate kodi mapema!"

"Hapana, mama. Aliyeifuta ni mimi."

"Kumbe wewe! Haya, acha kulia, nitajie hilo jina polepole. Na usikate simu, jirani yangu yuko hapa ananivuta mkono."

Kadi zilimiminika kama mvua, 1,904 kwa jumla. Borghild alizipanga mwenyewe kwenye kreti, akaifikisha bandarini dakika ishirini kabla ngazi ya meli haijainuliwa.

Kreti ilitazamiwa kufika katikati ya Machi. Ilifika zahanatini asubuhi ya tarehe 29 Februari! Wakala wa meli alisema bahari ilikuwa shwari. Na aseme, sisi tunajua tulichokuwa tukiomba jikoni. Solfrid alikuwa ameshafunga sanduku lake. Jioni ikaja telegramu: "NIMEZISOMA ZOTE. NABAKI." Mchungaji Haaland alicheza ngazini, na sisi Walutheri wa huku hatuchezi. Solfrid alibaki miaka kumi na tisa.

Borghild alilala katika Bwana tarehe 12 Mei 1981. Jina lake halikuchapwa kwenye kalenda hata mara moja, kwa kuwa watu wa ofisini hawakuhesabiwa kuwa wamisionari. Lakini tulipokusanya kalenda za mwaka 1952 kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka, tulikuta katika nyingi, chini ya jina la Solfrid, maneno ya penseli ambayo hakuna aliyewaagiza kina mama kuyaandika: "Na Borghild wa simu."

Ewe mwamini, yuko mtu anayekuhudumia ambaye hujawahi kumtaja mbele za Mungu. Mtaje leo.