Nnataka Maji

Mie kuimba siwezi, na hilo watoto wangu wa skuli ya maandalizi wanalijua kuliko mtu yeyote. Lakini muhula ule nilikuwa naimba kutwa. Nilirudi kutoka semina kichwa kimejaa: mtoto akijua nini kinafuata, tuliambiwa, hatolia, hatopigana, na atashughulika na kazi yake mwenyewe. Basi nikatunga nyimbo. Wimbo wa kukaa duara, wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kukusanya vibao, na wimbo wa kunyamaza, ambao ndio uliokuwa na kelele kuliko zote. Mwenzangu wa chumba cha pili akipita mlangoni huniuliza, "Leo taarabu mpaka saa ngapi?" Namwambia aniondokee.

Ukutani nilitundika picha za siku nzima, nimezichora mwenyewe kwenye maboksi ya maziwa: mkeka wa duara, vibao vya kuchezea, kikombe cha maji, bakuli la uji, kitabu cha hadithi, mkoba wa kurudia nyumbani. Mkufunzi wetu alisema tuchore na choo. Nikamwitikia vizuri, nikarudi zangu, sikuchora. Nitundike choo ukutani, na dirisha lenyewe linatazamana na njia wanayopita wazee kwenda msikitini! Mtu ana haya zake. Nikasema watoto watasema wenyewe, midomo wanayo.

Wote walikuwa nayo ila mmoja. Mtoto wa kike, aliletwa muhula ulipoanza na bibi yake, mzee wa Makunduchi aliyehamia Ng'ambo, huku mjini, ili amlee, maana mama mtu anafanya kazi hotelini Paje na hurudi akipewa mapumziko. Mtoto huyo hakuwa akisema. Ukimwita hupati abee wala naam. Anakutazama tu, vidole vimeshika upindo wa gauni. Nilimwimbia, nikampa mtoto wa bandia, nikamkalisha ubavuni pangu kwenye duara, nikajifanya siwezi kufunga kifuniko cha rangi ili anisaidie. Alinisaidia vizuri kabisa, kimya.

Mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, akaanza kunisema. "Huyu bado, mwalimu. Tumrudishe kwao, aje mwakani. Kuna wenziwe wanangoja nafasi." Nikamwomba aniachie kidogo. Nilitaka mtoto abaki, wallahi nilitaka. Nilitaka pia ionekane kuwa mie ndiye niliyemfungua mdomo, na sijui kati ya hayo mawili lipi lilikuwa kubwa.

Siku mkufunzi alipokuja kutazama darasa langu, alikaa nyuma na Bi Mkubwa kwenye viti vya watoto, magoti yao yamewafika kifuani. Duara lilikwenda vizuri. Watoto wakaenda kwenye vibao bila ya kusukumana, na mie moyoni namshukuru Mungu. Mara nikahisi baibui langu linavutwa. Nikageuka. Alikuwa yeye, amesimama chini ya ile picha ya kikombe.

"Mwalimu, nnataka maji."

Lo! Nilipiga vigelegele, sikuona aibu. Nikawaambia wenziwe wampigie makofi, wakampigia. Nikakimbilia ndoo ya maji ya kunywa, nikamjazia kikombe mpaka juu. Alikitazama kikombe, akanitazama mie.

"Kunywa, mama. Kunywa maji yako."

Akanywa. Akasimama pale pale. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Mwalimu, nnataka maji."

Tena! Nikawageukia wageni wangu, nikawauliza, "Mnamsikia?" Mkufunzi alikuwa anacheka kwa furaha. Nikajaza cha pili. Mtoto aliyelelewa na bibi hakatai anachopewa na mkubwa. Alikinywa chote, polepole, macho hayaniondoki. Safari ya tatu hakusema. Alibana miguu, akavuta tena baibui langu, lakini mie nshaanza wimbo wa uji na mikono nimeinua juu.

"Kakojoa! Mwalimu, kakojoa!"

Maji yalikuwa yanatambaa kwenye mkeka. Mbele ya mkufunzi, mbele ya Bi Mkubwa, siku ile ya siku zote! Hasira zikanipanda. Mie nina hasira za karibu, mama yangu alinisema kwa hilo tangu mdogo, sikusikia.

"Ala! Mkubwa mzima! Maji unajua kuomba, choo hujui? Mdomo huo wa kuombea maji tu?"

Watoto wakaangua kicheko. Walicheka kwa sababu mwalimu wao kawapa ruhusa ya kucheka. Yeye hakulia. Alilikusanya gauni lake lililorowa, akalikamata mbele kwa mikono miwili, akabaki amesimama hivyo mpaka msaidizi wangu alipokuja kumchukua.

Wageni walipoondoka, Bi Mkubwa hakunipa maneno mengi. "Nshakwambia mie. Nenda kamweleze bibi yake, kwa uzuri." Nikaenda baada ya Alasiri. Njia nzima nilikuwa na kinyongo na mtoto wa miaka mitano. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa najiambia kwamba kaniharibia.

Bibi alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikabisha hodi, nikaamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha kubwa, akaniwekea mto, akataka kunichemshia chai. Nikakataa chai, nikasema nililotumwa. Kwamba mtoto bado hajajua choo. Kwamba akae nyumbani, arudi mwakani akishazoea.

Mikono yake ilisimama kwenye ukili.

"Choo, mwalimu? Huyu? Tangu mdogo kabisa hajanirovyea mkeka huyu."

"Leo karovya, Bibi. Mbele ya wageni."

"Yarabi." Akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Basi mie ndiye sikumfunza. Mji umemchanganya na mie sikuona. Nisitiri, mwanangu. Mama yake huko kazini kawaambia wenziwe wote kuwa mwanawe anasoma mjini. Akija akamkuta yupo nyumbani, n'tamwambia nini? N'tamwambia nilimlea mpaka akakataliwa skuli?"

Nikajibu kwamba nasikitika. Nilijibu kwa ile sauti yetu ya skuli, ya upole usiosikiliza.

Hapo mtoto akatokea mlango wa ndani. Aliniona, akasita. Kisha akamwendea bibi yake, akamwambia chini chini, "Bibi, nnataka maji."

Bibi hakumtazama hata. Alinyoosha mkono, akatwaa kopo lililoning'inia kwenye pipa, akachota maji, akampa. Mtoto akalipokea kwa mikono miwili asimwage, akatoka nalo uani, akafunga mlango wa bati wa choo. Na Bibi anaendelea kuniomba, aniombe nini tena, mie sisikii.

Choo cha skuli kina mfereji wa bomba ndani. Unaingia, unafungua maji, unajisafisha, unatoka. Kwao maji ya chooni unaingia nayo mwenyewe kwenye kopo, na mtoto hafiki kwenye pipa, lazima aombe. Labda siku zote alikuwa akijizuia mpaka arudi nyumbani, na siku ile akashindwa. Sasa mtoto aliyefunzwa adabu, asiyetaka kutaja choo mbele za watu, aseme nini? Aseme nini zaidi ya vile alivyosema? Aliniomba, akaniomba tena. Na mie kila akiniomba namjaza maji tumboni na kumpigia vigelegele.

Alirudi na kopo tupu, miguu imeoshwa.

"Njoo hapa," bibi yake akamwita. "Piga magoti. Mwombe radhi mwalimu wako."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, "Bibi, kosa langu," na hata mtoto wa maandalizi angeliweza kulisema. Lakini nilimwona yule mzee anavyonitazama, anavyoniona mwalimu, nikashindwa kushuka. Nikangoja. Mtoto akapiga magoti mbele yangu, akaitazama miguu yangu.

"Nsamehe, mwalimu."

Na mie nikamjibu, "Haya. Nshakusamehe."

Nikasema tena, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba mlete Jumatatu, n'tazungumza na Bi Mkubwa. Bibi aliniombea dua ndefu, mie na wazazi wangu na watoto nitakaowapata. Akanifungia mihogo kwenye mfuko nisirudi mikono mitupu. Nikaipokea. Nikaipika. Nikaila.

Bi Mkubwa nilimwambia kwamba nimekaa na bibi mtu tumeelewana, atamfunza. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Darasani nikafundisha watoto wote kusema, "Mwalimu, nnaomba ruhusa nende chooni," nikatia na wimbo, na mkufunzi aliporudi akatusifu sana. Akanitaka nisimame semina inayofuata niwaeleze wenzangu vipi yule mtoto alifunguka ulimi. Nilisimama. Nilizungumzia picha na nyimbo.

Amefunguka kweli, si uongo. Siku hizi anagombania vibao, anasimulia hadithi za mama yake, anawafunza wenziwe maneno ya Makunduchi mpaka wanarudi nayo majumbani. Nikikutana na bibi yake sokoni Darajani hunishika mkono na kuwaambia alio nao, "Huyu ndiye mwalimu aliyenisitiria aibu yangu." Nami hucheka, nikauliza bei ya ndizi.

Wiki iliyopita nilikuwa katikati ya hadithi, watoto wametulia kweli kweli. Akanyanyuka, akaja mbele yangu, akasimama wima.

"Nsamehe mwalimu, nnaomba ruhusa nende chooni."

Wenziwe hawaanzi hivyo. Sikumfunza mie kuanza hivyo. Nikagundua, hapo nimeshika kitabu, kwamba husema hivyo kila siku, na kila siku mie nilikuwa nasikia ruhusa tu.

"Si lazima kuomba radhi, mwanangu. Nenda tu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakwenda. Alikuwa amebana miguu, ananitazama usoni, anangoja. Nikamwambia tena nenda, kwa upole kuliko mwanzo, naye hakusogea. Mpaka nikaelewa anangoja nini.

"Nshakusamehe," nikamwambia.

Ndipo akakimbia.