Mama na Dawa ya Mofini

Saratani ilipoingia mifupani, mama yangu alikataa mofini. Alisema hiyo ni dawa ya watu wanaokata roho. Nesi alikuja nyumbani kwetu Kapsoya, akaketi kando ya kitanda.

"Mama, haiponyi ugonjwa," alimwambia. "Inazuia maumivu yasifike kwenye ubongo. Siku za kwanza utasinzia, na tumbo litafunga, ndiyo maana nimekuletea pia dawa ya kulainisha choo."

Mama alikunywa, akalala mchana kutwa, nami nikawa namchungulia kama anapumua. Siku chache baadaye niliingia jikoni nikamkuta ameketi, anamenya viazi. Ugonjwa ulikuwa palepale. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, aliniuliza habari za kazi yangu.