Zimwi Lililoanza na Miguu

Nimezunguka kwingi, lakini harufu ya majani mabichi ya chai yaliyolowa guniani hunirudisha kule shambani tu. Tulitoka ziwani kwa miguu, baba mbele, mama na mimi nyuma, tukapanda na kupanda mpaka kwenye vilima vya baridi. Baba alikuwa ametia dole gumba kwenye mkataba wa kuchuma chai. Mama aliuliza kila jioni tutarudi lini.

Shambani watoto nao walichuma. Nyanya mmoja alitusimulia habari za zimwi lililokaa katika tanuri la kukaushia majani. Lilimla mtu kuanzia miguuni, ili asiweze kurudi kwao. Kila mara hadithini alikuwamo mtoto aliyejaribu kutoroka. Nyanya alisimulia huku akichuma haraka, bila kugeuka, na aliyebaki nyuma hakusikia. Basi tulichuma mbio, vidole vimekufa ganzi kwa umande. Nyapara alimwacha aseme, maana vikapu vilijaa.

"Nyanya, na yule mtoto?"

"Aliliwa. Magoti yakalia kwaa, kama muwa!"

Tulilala tumechoka, tukifurahi kwamba aliyeliwa si sisi.

Siku mkataba wa baba ulipokwisha, nilikimbia kwenye mstari wa wachumaji kuaga. Hadithi ilikuwa katikati. Nikauliza, "Na mtoto?"

Nyanya aliacha kuchuma, akageuka, akanitazama. "Huyo alitoroka. Alifika kwao na miguu yote miwili."

"Ai, Nyanya! Leo zimwi limeshiba?" wanawake wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliteremka na wazazi wangu nimenuna njia nzima, kwa sababu nilitaka yule mtoto aliwe.