Herufi za Ukutani

Mke wa dereva si mwizi, na mtu asimwite hivyo mbele yangu. Alichochukua kliniki, anakodeki mwaka wa tisa sasa, ni herufi tu. Karatasi ya kupimia macho ni moja, iko ukutani chumbani kwa daktari, haijabadilishwa tangu aanze kazi. Aliinakili mstari kwa mstari, ndoo ya maji ikiwa miguuni, akaenda nayo nyumbani.

Mumewe alikuwa hana kazi mwaka wa pili. Shule ya jirani ilitafuta dereva wa pikapu ya kubeba vyakula vya jikoni. Usaili ulikuwa Ijumaa: maswali kwanza, kisha macho, kliniki ileile anakodeki mkewe. Maswali hayakumtisha mzee, mdomo anao. Tatizo macho. Juzi tu alikuwa amelikaribisha koti lililotundikwa mlangoni: "Pita ndani, mbona umesimama?" Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikamwisha.

"Pikapu tu, mama watoto," mzee alisema. "Sokoni na kurudi. Njia ile naijua hata nikifumba macho."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Wakafanya mazoezi siku nne. Mjukuu wao, wa darasa la kwanza shuleni hapohapo, ndiye alikuwa mwalimu, kijiti mkononi. Babu alikaa kwenye stuli, kaziba jicho moja. "H. K, D. V, O, N, R." Mkewe akamfunza na ujanja: asikunje uso, asiinamie mbele, na mstari wa mwisho akosee herufi moja. "Asiyekosea kabisa hutiliwa shaka," alimwambia.

Siku ya nne mtoto aliibandua karatasi kimyakimya. Babu akaendelea kusoma, H, K, D, kwa sauti ya kujiamini, akiutazama ukuta mtupu.

"Babu, hakuna kitu hapo!"

Wakacheka wote watatu. Bibi alitaka kusema basi, tuache. Badala yake akaenda kupiga pasi shati la usaili.

Ijumaa mzee alirudi anaimba. "Wamenipenda, we! Daktari kasema macho yangu ya kijana. Mwalimu mkuu kanisikiliza, kasema dereva kama mimi kumpa pikapu ni kumpoteza."

"Kwa hiyo wamekupa nini?"

"Basi la watoto. Naanza Jumatatu."

Mama wa watu alimshika mkono. "Kataa."

"Nikatae nimwambie nini? Kwamba uliniibia herufi? Tutafukuzwa wote wawili, tule mawe?"

Mchuma janga hula na wa kwao, methali hiyo bibi alikuwa akiwasemea watu miaka yote. Siku mbili hizo walipishana ndani kama wapangaji. Mara kumi alijiambia ataenda kumwona mwalimu mkuu, na mara kumi alivaa viatu akavivua.

Jumatatu asubuhi basi lilikuja, tairi moja likipanda ukingo wa njia, likasimama mbele ya mlango wao. Honi ikapigwa. Mjukuu akachomoka na mkoba wake mgongoni. Bibi akamdaka mkono.

"Leo haendi," alisema. "Ana homa."

"Sina homa mimi, bibi!"

Mzee aliugeuza uso kwao, akatabasamu kidogo, ila macho yake yalitua kando, kwenye fremu ya mlango. Alikuwa ameelewa. Mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo, angekosaje kuelewa?

"Haya," alisema taratibu. "Mpe pole mgonjwa."

Akafunga mlango wa basi. Madirishani nyuso zilikuwa zimejaa, zinapiga kelele, zinasukumana. Binti wa jirani, yule anayekujaga kuomba chumvi, alikuwa kiti cha mbele kabisa. Alimwona bibi, akampungia mkono.

Naye, jamani, kwa mkono mmoja alimbana mjukuu wake mpaka mtoto akalia, na kwa mkono wa pili akampungia.