Bibiana Akataa Kuitwa Mfanyabiashara

Mwaka 1998, saa kumi na moja alfajiri, kijijini Makote. Umande bado umelala kwenye majani ya mikorosho. Bibiana Ladislaus anafunga kitambaa puani, anajitwika mashine mgongoni na kuvuta kamba. Injini inanguruma, na unga wa njano wa salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga unaoua maua, unapanda hadi kileleni.

"Jani likikauka, salfa haishiki," anasema. "Jua likianza kuchoma nimemaliza miti hamsini."

Bibiana, 41, alimaliza kidato cha nne mwaka 1974 katika shule ya serikali mjini Masasi. Alikuwa karani wa mazao kwa miaka kumi na minne, hadi soko huria lilipoingia na ofisi yao ikafungwa. Kwa kiinua mgongo alinunua mashine hii.

Jumamosi hii shule hiyo inazindua ubao wa wanafunzi wa zamani waliofanikiwa. Bibiana amependekezwa. Ugomvi umezuka juu ya kazi yake. Kwenye fomu aliandika: mpiga salfa.

Juzi katibu wa kamati, Edmund Kasiani, mhasibu aliyesoma naye darasa moja, alimfuata shambani na fomu hiyo mkononi.

"Mama Flora, tuandike mfanyabiashara. Wageni wakubwa wanakuja."

"Baba Danieli, mimi nauza nini?"

"Ni heshima tu."

"Yangu ninayo. Nimeijaza hapo kwenye fomu."

Edmund akasema ubao ni wa madaktari na mameneja; mpiga salfa atashusha hadhi ya shule.

Bibiana akacheka. "Mikorosho yako ya Chilangala mwaka jana ulipigisha saa nne, jua kali. Salfa ikaenda na upepo, ukavuna majani. Mwaka huu umemtuma mkeo kwangu. Kamfuata mfanyabiashara?"

Edmund alikung'uta koti lake. Alisema kamati itaamua Ijumaa, akaondoka.

Ndugu zake Bibiana wanamsihi akubali, jina lisije likakatwa. Hataki.

"Kupima dawa, kufungua injini na kuifunga, akili hiyo niliipata pale pale darasani. Leo niionee haya?"

Jumamosi atapiga salfa kama kawaida, ataoga, kisha atapanda gari la Masasi.

"Wakiandika mfanyabiashara, nitaomba kipaza sauti nisahihishe. Wakinikata, likiitwa darasa la 1974 nitasimama vilevile. Shule ile nilimaliza."